Dkt. Matthew Lukwiya na Hofu Iliyokosa Kipimo

Mwaka wa 2020, miezi michache baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi, jirani yetu mmoja wa Matuu alimjia mwandishi wa makala haya akiwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Matuu ni mji wa Machakos ulioko kando ya barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, na jirani huyo ni muuguzi. Wakati huo alikuwa amehamia chumba cha nje ili asilale karibu na wanawe, na sare yake ya kazi aliivulia uani kabla ya kumsalimu mtu yeyote. Karatasi zile zilikuwa hojaji, au dodoso kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania. Zilitaka kujua usingizi wake ulikuwaje juma lililopita, kama hamu ya chakula ilikuwapo, kama mikono ilimtetemeka, kama aliona kuwa yeye ni mtu wa manufaa. Haja yake ilikuwa ndogo: afafanuliwe neno moja lililokuwa juu kabisa ya karatasi, neno ambalo maswali yote yalikuwa yakilipima. Mwandishi, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma isimu, alimpa msongo wa mawazo. Yule mama alikataa. Alieleza kwamba yake hayakuwa mawazo hata kidogo. Kilikuwa kitu kilichomkaa kifuani tangu alfajiri na kumshukia miguuni kila alipofika langoni pa hospitali.

Ni jambo hilo lililotupeleka kusoma habari za Dkt. Matthew Lukwiya wa Uganda, daktari aliyekabiliana na hofu kama hiyo miaka 20 kabla ya Korona, katika hospitali iliyokuwa na kila sababu ya kufungwa. Yanayofuata ni wasifu wake kwa ufupi. (Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakumbushwa kuwa wasifu ni maisha ya mtu yanayosimuliwa na mwingine, tawasifu ni yale anayojisimulia mwenyewe. Lukwiya hakupata nafasi ya kuandika tawasifu.)

Lukwiya alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 katika eneo la Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki, naye alikufa maji Matthew alipokuwa na umri wa miaka 12. Mama yake alibaki na watoto na biashara ndogondogo, mojawapo ikiwa ile ya kuvusha majani ya chai hadi Sudan kwa njia za panya na kuyabadilisha kwa sabuni. Mtoto huyo alijifunza kuendesha baiskeli iliyobeba magendo kabla hajajifunza kemia. Hata hivyo, darasani alikuwa mbele ya wenzake kila mwaka, na ufadhili wa masomo ukamchukua hatua kwa hatua hadi akahitimu udaktari. Mwaka wa 1983 alifika katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iliyo kilomita chache magharibi mwa mji wa Gulu, akiwa daktari wa mafunzo ya kazi.

Hospitali ya Lacor ilianzishwa mwaka wa 1959 na wamisionari wa Shirika la Komboni. Waliyoikuza ikawa hospitali kubwa ni wanandoa wawili waliofika mwaka wa 1961, yaani Piero Corti, Mwitaliano, na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Inasimuliwa kuwa haikuwachukua zaidi ya miezi mitatu kuamua kwamba kijana yule wa Kitgum ndiye angekuja kuwarithi. Lucille alikuwa akiwapasua majeruhi wa vita mmoja baada ya mwingine, na katika kazi hiyo aliambukizwa virusi vya UKIMWI. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi akijua hali yake, akafa mwezi wa Agosti mwaka wa 1996. Kwa hivyo Lukwiya hakuwa mgeni wa dhana kwamba damu ya mgonjwa inaweza kumwua tabibu. Aliishi karibu na mfano hai.

Kisha kulikuwa na vita vyenyewe. Tangu mwaka wa 1986 eneo la Acholi lilikuwa uwanja wa mapigano kati ya majeshi ya serikali na makundi ya waasi, na baadaye waasi wa Joseph Kony. Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1989 waasi waliingia Lacor wakitaka kuondoka na masista wa Kiitaliano. Lukwiya aliwasihi wamchukue yeye badala yao. Wakakubali. Kwa muda wa juma zima alizungushwa porini akiwa bado amevaa koti lake jeupe la udaktari, kisha wakamwachilia. Baada ya hapo alifungua malango ya hospitali usiku ili wanavijiji walioogopa kutekwa wapate kulala ndani ya ua, na maelfu wakawa wanamiminika kila jua lilipotua. Ni muhimu kuyakumbuka haya, kwa sababu miaka 11 baadaye, alipokuwa na haja ya kuwashawishi wenzake, hakuwa na hoja nyingine kubwa kuliko juma lile la porini.

Mwaka wa 1990 alikwenda Uingereza, katika Chuo cha Tiba ya Magonjwa ya Tropiki cha Liverpool, akasomea shahada ya uzamili katika tiba ya watoto. Alifaulu vizuri kiasi cha kupewa nafasi ya kufundisha hukohuko. Hakuichukua. Alirejea Gulu, na katika mwongo uliofuata hospitali ikapanuka sana chini ya usimamizi wake. Alikuwa Mprotestanti mlokole katika hospitali ya Kikatoliki, na jambo hilo halikumzuia yeye wala wao. Mwishoni mwa mwaka wa 1998 alihamia Kampala pamoja na mkewe Margaret na watoto wao watano ili asomee shahada nyingine, hii ya afya ya jamii, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Ilikuwa mara ya kwanza kwa familia hiyo kukaa mahali pasiposikika risasi.

Alikuwa katika masomo hayo Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2000 alipopigiwa simu na Dkt. Cyprian Opira, aliyekuwa akishika nafasi yake Lacor. Wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamekufa kwa maradhi yasiyoeleweka. Lukwiya alisafiri siku hiyohiyo. Usiku aliketi na mmoja wa masista wa hospitali, wakayatoa majalada ya wagonjwa 17 waliokuwa wamekufa karibuni kwa dalili zinazofanana: homa, kutapika, kuhara, na katika baadhi yao kutokwa na damu. Akayalinganisha na maandishi aliyokuwa nayo kuhusu homa za kuvuja damu. Kufikia mapambazuko alikuwa amefikia uamuzi kuwa hii ilikuwa Ebola, ugonjwa ambao Uganda haikuwa imewahi kuutambua ndani ya mipaka yake. Alimpigia simu moja kwa moja Dkt. Sam Okware wa Wizara ya Afya, pasipo kupitia ngazi za wilaya. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilituma watu kuchukua damu, na maabara ya Afrika Kusini ikathibitisha katikati ya Oktoba. Lakini Lukwiya hakungoja uthibitisho. Wodi ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa imekwisha kufunguliwa, wahudumu waliojitolea wakiwa wamevishwa gauni, aproni, barakoa, glavu na mabuti ya mpira.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana wasomi wa lugha wana jambo la kujifunza. Waacholi hawakuwa na neno Ebola, ambalo ni jina la mto wa Kongo lililopewa ugonjwa huo mwaka wa 1976. Walikuwa na neno gemo. Gemo ni pigo lijalo ghafla kama upepo na kuua wengi kwa muda mfupi, na watu wazima walijua sheria zake. Mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine. Anayemhudumia huwa ni mtu aliyekwisha kuugua akapona. Mlangoni husimamishwa mabua mawili marefu ya matete ili mpita njia ajue. Ngoma hukoma, matembezi hupunguzwa, na aliyepona husubiri mwezi mzima wa mbalamwezi kabla ya kuchangamana na watu. Wanaanthropolojia waliofika Gulu wakati ule walistaajabu kuona jinsi kanuni hizo zilivyokaribiana na zile za Shirika la Afya Duniani. Kwa maneno mengine, jamii ilikuwa na istilahi na mfumo wa kujikinga.

Lakini kanuni za gemo hazikuwa na fungu la mtu anayevuka mabua yale kila siku asubuhi, akarudi kwake jioni. Huyo ndiye muuguzi. Kwa kanuni ya hospitali alikuwa shujaa. Kwa kanuni ya kijiji alikuwa mtu aliyetoka kwenye nyumba iliyowekwa alama. Wauguzi wa Gulu waliepukwa sokoni na majirani, na wengine walikataliwa na jamaa zao wenyewe. Jirani yetu wa Matuu, aliyehamia chumba cha nje bila kuambiwa na yeyote, alikuwa amejiwekea mabua yake mwenyewe.

Kilichozidisha hofu ya Lacor ni kwamba wahudumu waliendelea kuambukizwa hata baada ya kuvaa. Ripoti iliyotolewa mwanzoni mwa mwaka wa 2001 ilionyesha kuwa kati ya wahudumu wa afya 22 walioambukizwa Gulu, 14 walipata ugonjwa baada ya wodi za kutenga kuanzishwa. Ukiitazama takwimu hiyo kwa jicho la mtaalamu wa magonjwa, utaona kasoro za kuvua glavu na uchovu wa zamu ndefu. Ukiitazama kwa jicho la muuguzi aliyezika wenzake watatu, utaona kitu kingine kabisa: kwamba kinga haikingi. Hofu ya namna hii haitokani na ujinga. Inatokana na kuhesabu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 24 Novemba 2000, hesabu hiyo ilifika mwisho. Katika muda wa saa 24 zilizotangulia mapambazuko wagonjwa saba walikuwa wamekufa Lacor, watatu kati yao wakiwa wahudumu wa afya. Asubuhi ile watu hawakwenda wodini. Wahudumu wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi. Ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya Lukwiya, ambaye alikuwa anatimiza miaka 43, ingawa ni vigumu kudhani kwamba kuna aliyeikumbuka.

Alipoingia ukumbini aliwauliza walichokitaka. Jibu lao lilikuwa kwamba hospitali ifungwe. Hapana budi kukiri kuwa ombi hilo halikuwa la kihuni. Katika hospitali ya misheni ya Yambuku huko Kongo, mwaka wa 1976, wahudumu 11 kati ya 17 walikufa na hospitali ikafungwa. Kikwit, mwaka wa 1995, takriban robo ya wagonjwa wote 315 walikuwa wahudumu wa afya. Watu wa Lacor walikuwa wakiomba kitu kilichowahi kufanyika kwingineko kwa sababu zizo hizo. Lukwiya aliwasikiliza, akabishana nao, akaketi tena kuwasikiliza, na mkutano ukachukua saa nyingi. Aliwaeleza kwamba wakiifunga hospitali yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Aliwakumbusha juma lile alilojitoa kwa waasi. Aliwaonyesha kuwa wagonjwa watakaofukuzwa Lacor wataifia majumbani na kuwaambukiza jamaa zao, na kwamba jamaa hao ni watu wao wenyewe. Mwishowe wahudumu walirudi wodini.

Waandishi wengi wameusimulia mkutano huo kama ushindi wa ujasiri juu ya woga. Sisi tunaona kuwa usomaji huo una upungufu. Kilichofanyika ukumbini kwanza kilikuwa kuuliza. Mkuu wa hospitali hakupeleka barua ya onyo, hakuita askari, wala hakuwahutubia watu juu ya wito wao kabla ya kuyasikia yaliyo vifuani mwao. Kwa saa kadhaa hofu ya watu 400 ilitamkwa mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kuifanyia jambo. Hicho, kwa kukosa neno bora, kilikuwa kipimo. Kasoro yake ni kwamba kilifanyika baada ya chungu kufurika, na kwamba dawa iliyotolewa ilikuwa mtu mmoja kujiweka rehani. Dawa ya namna hiyo haiwezi kuandikwa katika mwongozo wa Wizara. Hospitali nyingine haina Lukwiya, na hata Lacor ilikuwa naye mmoja tu.

Vipimo vya maandishi vilikuwapo tayari wakati huo. Mwaka wa 1972 mtaalamu wa magonjwa ya akili wa London, David Goldberg, alikuwa ametoa hojaji ya afya ya jumla yenye maswali 60, ambayo baadaye ilifupishwa hadi maswali 12. Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa na hojaji yake ya maswali 20 ya kujibiwa kwa ndiyo au la, iliyokusudiwa hasa nchi zisizo na wataalamu wengi, ambamo mtu huulizwa kuhusu kichwa kuuma, tumbo kusumbua, machozi ya mara kwa mara na mikono kutetemeka. Hizi hazimwambii mtu kwamba ana ugonjwa fulani. Humhesabia alama, na alama zikivuka kiwango kilichowekwa, mhusika hupelekwa kuonana na mtaalamu. Thamani yake kubwa ni kwamba huona mapema. Mtu aliyevuka kiwango mwezi wa Oktoba anaweza kupumzishwa zamu kabla ya kufika ukumbini mwezi wa Novemba.

Lakini katika magonjwa ya mkurupuko, desturi ya kuwapima wahudumu wenyewe ilianza kushika kasi baada ya Lacor. Mwaka wa 2003 ugonjwa wa SARS ulipoingia Toronto, watafiti waliwapa wahudumu wa hospitali moja ile hojaji ya maswali 12. Asilimia 29 ya waliojibu walivuka kiwango cha dhiki, na miongoni mwa wauguzi kiwango hicho kilikuwa asilimia 45. Tofauti hiyo kati ya wauguzi na wengine ndiyo habari yenyewe: anayemgusa mgonjwa mara nyingi ndiye anayeumia zaidi, na aghalabu ndiye mwenye sauti ndogo katika vikao. Ilipofika Korona, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, hojaji kama hizo zilisambazwa kila pembe ya ulimwengu, Kenya ikiwamo, nyingi kwa njia ya simu na intaneti. Karatasi mbili za jirani yetu zilitoka katika wimbi hilo.

Na hapa ndipo mzigo unapotuangukia sisi wa Kiswahili. Hojaji iliyotungwa London haipimi kitu Matuu mpaka iwe imepita katika lugha. Tuna msongo wa mawazo, ambao umeenea sana redioni kiasi cha kuonekana kuwa unatosheleza kila hali. Lakini msongo wa mawazo unaiweka dhiki kichwani, ilhali watu wengi wa kwetu huisikia mwilini: kifuani, tumboni, magotini. Tuna sonona, istilahi iliyokubalika kwa ule ugonjwa wa huzuni ya kudumu, ambayo hata hivyo mtu wa kawaida haitamki. Tuna wahaka kwa ile hali ya moyo kutotulia, tuna fadhaa, tuna kihoro kwa mshtuko wa msiba, tuna jitimai. Maneno haya si visawe, ijapokuwa kamusi hupenda kuyafasiri moja kwa jingine. Muuguzi wa Lacor aliyetoka kumfunga mwenzake katika mfuko wa maiti alikuwa na kihoro. Yule aliyekuwa akisubiri siku 21 kuona kama homa itampanda alikuwa na wahaka. Hojaji inayotumia neno moja kwa wote wawili itawapa alama sawa, na huenda mmoja akahitaji mazishi ya heshima na mwingine akahitaji glavu.

Wapo watakaosema kuwa wataalamu hufasiri hojaji, kisha wakazirudisha katika Kiingereza ili kuhakiki, na kwamba utaratibu huo unatosha. Ni utaratibu mzuri. Lakini tafsiri inaweza kurudi salama Kiingereza na bado isimfikie yule mama wa chumba cha nje. Anayehitajika kuisoma kabla ya wote ni yeye. Aidha, kuna suala la imani. Mhudumu akijua kuwa alama zake zitaonekana na msimamizi wake, ataandika kuwa analala vizuri. Ukumbi wa Lacor ulikuwa na faida moja ambayo karatasi haina: aliyeuliza alijulikana na kila mtu kuwa naye huingia wodini.

Desemba 2020 wauguzi na matabibu wa hospitali za umma nchini Kenya walianza mgomo, na madaktari wakafuata kabla ya Krismasi. Madai yao yalihusu vifaa vya kinga, bima na mishahara. Anayeyasoma madai hayo sambamba na ya Lacor ataona yanavyofanana, ingawa safari hii ugonjwa ulikuwa mwingine na kila mwezi ulikuwa na takwimu zake za hojaji. Kupima peke yake hakukuzuia kitu. Takwimu zilizotolewa zikakaa majaridani ni sawa na majalada yale 17 kama yangebaki kabatini.

Tumrudie Lukwiya. Siku nne kabla ya mkutano wa ukumbini, yaani alfajiri ya tarehe 20 Novemba, aliitwa kutoka usingizini. Muuguzi mmoja wa kiume, mgonjwa katika wodi ya kutenga, alikuwa katika saa zake za mwisho, amechanganyikiwa, ameing'oa barakoa ya oksijeni na kutoka kitandani huku akivuja damu, na wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wameingiwa na hofu. Lukwiya alivaa barakoa, kofia, gauni, jozi mbili za glavu, aproni na mabuti. Hakuvaa miwani ya kinga. Alimsaidia yule mwenzake kurudi kitandani, akamsafisha, na muda si mrefu mgonjwa akakata roho. Sababu ya kuiacha miwani imejadiliwa na wengi. Kwa maoni yetu, mtu aliyekwisha kutumikia majuma sita katika wodi ile hahitaji kutafutiwa sababu ya ajabu. Uchovu ni sababu ya kutosha, na ni mojawapo ya mambo ambayo hojaji ya maswali 12 ingeyaona.

Kwa hesabu ya siku, basi, yaelekea kwamba alipokuwa amesimama mbele ya wahudumu 400 akiwasihi wasiogope hadi kushindwa kazi, virusi vilikuwa tayari mwilini mwake. Watu wale wote walikuwa na mtu wa kuwauliza wanavyojisikia. Yeye alikuwa ndiye muulizaji.

Homa ilimpanda Jumapili ya tarehe 26 Novemba. Kwa siku mbili tatu alitaraji kuwa ni malaria. Kipimo cha damu kiliposema vinginevyo, aliingia wodi ya kutenga akiwa mgonjwa, akahudumiwa na baadhi ya wale aliokuwa amewazuia wasiondoke. Mkewe alisafiri kutoka Kampala akaruhusiwa kumwona akiwa ndani ya mavazi ya kinga. Inasimuliwa kuwa aliomba, ikiwa atakufa, awe wa mwisho. Alikufa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 5 Desemba 2000, muda mfupi baada ya saa saba.

Mkurupuko huo ulitangazwa kumalizika mwishoni mwa Februari 2001, ukiwa umewapata watu 425 na kuwaua 224. Hospitali ya Lacor haikufungwa. Virusi vya aina hiyohiyo vilirejea Uganda mwezi wa Septemba 2022, safari hiyo wilayani Mubende, na kati ya wagonjwa 142 waliothibitishwa 19 walikuwa wahudumu wa afya. Saba kati yao walikufa.

Lukwiya alizikwa katika ua wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale, na watu waliomzika walikuwa wamevaa glavu, barakoa na miwani. Piero Corti, aliyekuwa amemchagua kuwa mrithi wake, aliishi miaka mingine miwili na ushei. Alikufa Aprili 2003, naye akalazwa papo hapo Lacor.